Sentimita tisa zilizoliwa na maua: kisa cha mfarishi wa kanga, Kirumba

Upana ulikatwa sentimita 210. Mistari mitano ya maua ya cherehani ilipokwisha kupita, tepu ilisoma 201 upande wa mto. Upande wa miguuni, ambako sindano ilikuwa haijafika, bado ilisoma 210. Mfarishi ulitandikwa juu ya meza ya kukatia ukakataa kulala: kati ya mstari na mstari kitambaa kilivimba, na kona moja ilivutwa pembeni kana kwamba mtu ameishika. Ukiugeuza, bitana ilikuwa na mikunjo midogo iliyoshonewa humo humo.

Fundi aliniita nitazame kabla hajamwita mteja. Nafundisha ushonaji, na tatizo hili nimeanza kuliona mara nyingi tangu cherehani za umeme zenye mishono thelathini, arobaini, ziingie kwenye mabanda yetu ya Mwanza. Fundi anabonyeza namba, ua linatoka lenyewe, mteja anapiga makofi. Kwenye kitambaa cha mezani hakuna shida. Kwenye mfarishi wenye uso, pamba na bitana, ua hilo ni mshono kwanza na pambo baadaye. Linavuta, linabana, linabeba uzito, na asiyelihesabia kazi hiyo atalipia kwa kufumua.

Kazi yenyewe

Banda liko Kirumba, si mbali na soko la Mwaloni, pale ambapo ukifungua mlango asubuhi harufu ya dagaa inaingia kabla ya mteja. Fundi ni dada mwenye mkono mzuri. Kwa miaka alishona kwa Butterfly ya kukanyaga, ile inayojua mshono mmoja tu wa kunyooka, na sare za shule zake zinadumu. Kisha akanunua cherehani ya umeme ya mtumba kutoka Japani, pamoja na transfoma ya kushusha umeme, maana mashine za Japani zimetengenezwa kwa volti 100 na soketi zetu zinatoa 230. Hilo alilifanya vizuri. Nimeona waliochomeka moja kwa moja wakanunua moshi.

Mteja ni mama wa Igoma anayeozesha binti. Zawadi aliyotaka kumpa siku ya sendofu ni mfarishi wa kitanda cha tano kwa sita uliotokana na kanga za bibi wa binti, anayeishi Ukerewe. Bibi mwenyewe alizichagua, akazipanga kwenye begi, zikaja na meli ya Nansio. Zilikuwa kanga za miaka mingi, zilizofuliwa hadi zikawa laini kama zilivyo kanga zote zilizovaliwa kweli. Sharti lilikuwa moja: ile nyekundu na nyeusi yenye maandishi NANI KAMA MAMA ikae upande wa mto, na maneno yasomeke. Na maua yawe mengi. "Maua yajae, mwanangu, watu waone," ndivyo alivyosema.

Fundi akapanga vizuri. Vipande vya mraba vya sentimita 25, sita kwa upana na saba kwa urefu, vikitenganishwa na kanda za sentimita 5 za kitambaa cha bluu cha rangi moja, na pindo la bluu hiyo hiyo kuzunguka pande zote. Jumla 210 kwa 240, kiasi cha kuning'inia pembeni mwa godoro bila kugombana na chandarua. Kwa kuwa maandishi ya kanga hayaenei kwenye sentimita 25, alikata kipande kimoja kirefu cha 55 kwa 25, sawa na miraba miwili na ukanda wa katikati yake, akakiweka safu ya pili kutoka juu. Nisingebadilisha chochote hapo. Bitana ilikuwa marekani iliyofuliwa, na katikati aliweka pamba nyepesi ya polista, ile ya kukunjua kutoka kwenye roli.

Huwa naulizwa kwa nini tutumie polista sisi tunaoishi kwenye Kanda ya Ziwa, ambako pamba inalimwa kuliko kwingine kote nchini. Pamba iliyotoka tu kwenye kinu cha kuchambulia haijashikamana. Ukiiweka ndani ya mfarishi na kuufua, inahama na kuwa mabonge, labda uishone mistari ya karibu sana. Ile ya roli imeshikanishwa kiwandani. Kwa baridi ya usiku ya Mwanza, nyepesi inatosha.

Kilichotokea chini ya sindano

Alipomaliza kuunga uso, alitandika matabaka matatu, akapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza kwa muda, kuzunguka ukingo tu, akaanza kushona kutoka upande wa mto. Alichagua mshono wa majani: jani limejazwa uzi kutoka ncha hadi ncha, kisha kikonyo, kisha jani jingine. Mstari wa kwanza ukaenda kwenye ungio la pindo, wa pili katikati ya miraba ya safu ya kwanza, wa tatu kwenye ukanda, wa nne katikati ya safu ya pili, wa tano kwenye ukanda unaofuata. Alikwenda kulia kwa mstari mmoja, akarudi kushoto kwa mwingine, kama mtu anayelima.

Uone mwenyewe hesabu iliyojificha kwenye mshono wa kujaza. Mshono wa kunyooka wenye hatua ya milimita 3 unahitaji vidungo 700, yaani michomo 700 ya sindano, kumaliza sentimita 210. Mshono wa kujaza wenye hatua ya milimita 0.4 unahitaji vidungo 5,250 kwa umbali ule ule. Kila kidungo kinavuka pembeni, tuseme milimita 4 kwa wastani wa jani, kwa hiyo uzi wa juu peke yake ni mita 21 kwenye mstari wa mita mbili na kidogo. Kila uzi unaovuka unavuta kitambaa kidogo sana. Mivuto elfu tano midogo sana inakuwa sentimita.

Juu ya kitambaa kimoja kilichowekewa chini karatasi au gamu, kile kitambaa cha kukazia kinachobandikwa kwa pasi, mvuto huo unapata kizuizi. Juu ya pamba haupati. Pamba ni laini, inabonyea, na jani linazama ndani yake likiburuta kingo zake zikaribiane. Ndiyo maana chini ya kila mstari wake palikuwa na mfereji mgumu unaoweza kuuhisi kwa kidole, na pembeni mwa mfereji kitambaa kilichobaki hakina pa kwenda isipokuwa kuvimba.

Hilo lilikuwa kubwa. Mengine yaliongezea.

Meno ya cherehani yako chini, yanasukuma bitana. Uso unasukumwa na msuguano tu, kupitia pamba. Mguu wa kawaida wa cherehani unaukandamiza uso na kuuzuia, hivyo kila hatua bitana inatangulia kidogo na uso unabaki nyuma. Mistari iliyokwenda kulia ilisukuma upande mmoja, iliyorudi kushoto ikasukuma mwingine, na miraba kati yake ikapinda ikawa kama almasi. Bandi ya ukingoni haikuweza kusaidia katikati. Na kwa kuwa alianzia pembeni badala ya katikati, ziada yote ilikuwa inakimbilia mahali ambapo haikuwa na njia ya kutokea.

Mshono wa majani una tabia nyingine: sindano inakwenda mbele, inarudi nyuma, inakwenda tena mbele. Fundi alikuwa ameacha mfarishi wote uning'inie nje ya meza. Cherehani ilipokwenda mbele ilikuwa inauburuta uzito huo. Iliporudi nyuma uzito ulikuwa unaisaidia. Kwa hiyo nusu mbili za jani hazikukutana. Ukitazama mstari wa tatu kwa karibu, kila jani lilikuwa na ufa katikati, na kikonyo kilichotakiwa kuanzia kwenye ncha kilianzia hewani. Mahali pamoja palikuwa na nusu jani likifuatiwa na jani zima. Umeme ulikatika pale, na ulipowaka mashine ikaanza ua upya kutoka mwanzo, kama zinavyofanya mashine nyingi za kompyuta.

Kuhusu uzi na sindano nitapita haraka. Vidoa vyeupe vya uzi wa bobini vilionekana juu kwa sababu tensheni ya juu, yaani mkazo wa uzi wa juu, ilikuwa imekazwa mno. Kwenye mshono wa kujaza inalegezwa, ili uzi wa juu ndio ushuke chini. Sindano ilikuwa namba 11 kwa kufikiria wembamba wa kanga, lakini kinachopita ni matabaka matatu na uzi wa kudarizi, na hiyo inataka 14 yenye tundu kubwa. Uzi ulikuwa reyoni, unaong'aa vizuri na kudhoofika ukilowa. Mfarishi unafuliwa. Polista inang'aa kidogo tu pungufu, na inavumilia beseni.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa mstari wa nne. Ulipita juu ya maandishi. Herufi za NANI KAMA MAMA zilikuwa zimekatwa viuno na majani ya rangi ya dhahabu, na kwenye herufi ya pili ya KAMA kanga ilikuwa imeanza kuachia: vidungo vimekaribiana mno, kitambaa cha zamani kikatobolewa mstari mzima kama ukingo wa stempu.

Mteja alipokuja

Nilimshauri fundi amwite mapema, kabla hajagusa kitu, na akafanya hivyo. Mama aliingia, akaamkiwa, akaitikia, akautazama kimya kwa muda.

"Mwanangu, sikugombezi," alisema. "Maua ni mazuri. Ila niambie, maneno ya mama nitayasomaje?"

Fundi akaniangalia. Mama naye akaniangalia. "Na wewe dada, unasemaje?"

Nikamwambia kilichokuwa wazi mbele yetu: kwamba maua aliyoyalipia hayaonekani. Nikamwomba arudi hatua tatu nyuma, hadi mlangoni. Kutoka pale, kwenye kanda za bluu majani yalisomeka moja moja. Kwenye miraba ya kanga yalikuwa yamemezwa. Kanga tayari ina pindo, ina mji, ina nukta na korosho zake, ina rangi mbili au tatu zinazogombana kwa makusudi. Ukiongeza ua la milimita saba juu yake, jicho linaona fujo tu. Mishono ya pambo inahitaji uwanja mtupu. Uwanja huo alikuwa nao, ni zile kanda na lile pindo pana la bluu, na hapo ndipo maua yake yangekaa.

Mama alilikubali hilo haraka kuliko nilivyotegemea. Alilolishikilia ni kwamba maua yasipungue. "Yahamishe, sawa. Usiniondolee."

Kufumua au kuacha

Fundi alikuwa na wazo la kuiacha mistari mitano, kuendelea na mingine kwa mshono mwepesi, kisha kuulowesha mfarishi na kuunyoosha kwa pini hadi ukauke. Kuna kazi ambazo njia hiyo inaziokoa. Mawimbi madogo yanayotokana na mshono wa kunyooka hulegea kwenye maji, na pamba ya polista haibadiliki sana. Lakini hapa sentimita tisa zilikuwa zimefungwa kwa zaidi ya vidungo elfu ishirini na tano. Maji hayafungui uzi.

Wazo la pili lilikuwa kukata sehemu iliyoharibika na kuufanya mfarishi mfupi. Sehemu hiyo ndiyo iliyobeba maandishi ya bibi. Likafa hapo hapo.

Basi kufumua, yote mitano. Niliona uso wa fundi ulivyobadilika, na sikumlaumu. Mshono wa kujaza haufumuliwi kwa kuvuta. Ulaze mfarishi uso chini. Pitisha wembe mpya, au kile kichuma cha kufumulia, chini ya uzi wa bobini na ukate kila baada ya vidungo vichache, bila kugusa bitana. Kisha geuza, na uzi wa juu utatoka vipande vipande kwa kidole au kwa kipande cha utepe wa gundi. Ukijaribu kukata upande wa juu, ambako uzi umelala mnene, wembe utaingia kwenye kanga kabla hujajua. Kwenye mstari wa nne alitumia mkasi mdogo wa kucha na taa ya mezani, polepole, herufi kwa herufi.

Matundu yalibaki, kama yanavyobaki siku zote. Kwenye kitambaa cha bluu, kipya na chenye nyuzi zenye nguvu, sindano ilikuwa imezisukuma nyuzi pembeni zaidi kuliko kuzikata, na baada ya kulowekwa na kupigwa pasi yenye mvuke mengi yalijifunga. Yaliyobaki yangefunikwa, kwa kuwa kanda hizo zingepata mshono mwingine pale pale. Kwenye kanga ya maandishi mambo yalikuwa magumu zaidi. Pale kwenye KAMA kitambaa kilikuwa kimekatika kiasi cha ukucha. Alikata kipande cha gamu nyepesi, ile laini ya kola za blauzi, akakibandika kwa pasi nyuma ya maandishi yote, siyo pale palipochanika tu. Ukibandika kiraka kidogo chini ya kitambaa kichovu, ukingo wa kiraka ndio utakaokuwa mahali pa kuchanika tena.

Mpango mpya

Tulianza na kijaribio. Mabaki ya kanga, pamba na bitana ile ile, kipande cha sentimita 50, na mistari ya mishono mbalimbali kutoka kwenye mashine yake. Kila mstari ukaandikwa pembeni kwa kalamu: namba ya mshono, hatua, upana. Kisha tukapima. Mshono wa majani ulirudisha kipande 48. Mshono wa mawimbi, ule wa nyoka anayetambaa, kwa hatua ndefu, ulibaki 50 kasoro unywele. Mshono wa unyoya, wenye matawi wazi yanayokwenda kushoto na kulia, ulikuwa katikati ya hiyo miwili. Nusu saa ya kazi hiyo ingeokoa kila kitu kilichotangulia, na ndiyo sehemu ya ufundi huu ninayoing'ang'ania kuliko zote: kipande cha kujaribia kiwe na matabaka yale yale matatu. Ukijaribu kwenye kitambaa kitupu, unajaribu kazi nyingine.

Kutokana na kijaribio, kila mshono ulipewa mahali pake. Mishono minene ingeshonwa kwenye uso peke yake, kabla pamba haijaguswa. Mishono ya wazi ndiyo ingepita kwenye matabaka matatu na kuyashika. Hili si jambo jipya. Marekani ya miaka ya 1880 ilipenda sana mifarishi ya viraka vya hariri na mahameli vilivyokatwa bila mpangilio, kila ungio likipambwa kwa mshono wa unyoya na mingine mingi ya mkono. Pambo lile lote lilishonwa kwenye uso uliolazwa juu ya kitambaa cha msingi. Mingi haikuwekwa pamba kabisa, na bitana ilishikizwa kwa vifundo hapa na pale. Waliojaza maua kuliko wote hawakuyapitisha kwenye pamba.

Kwa hiyo fundi alifumua mapindo manne ya bluu, akakata mapya kwenye kitambaa kilichobaki, marefu na mapana zaidi ya kipimo kwa sentimita kama nane. Nyuma akabandika gamu. Akashona majani yake ya dhahabu, yale yale ambayo mama aliyapenda, mistari miwili sambamba, tensheni ya juu ikiwa imelegezwa na sindano namba 14. Alitumia mguu wenye mfereji chini, ambao unaliruhusu jani lililokwisha kushonwa lipite bila kubanwa. Mguu wa kawaida wenye tumbo bapa hukwama juu ya uzi mnene, mashine inashona mahali pamoja, na hapo ndipo majani hubanana. Kitambaa kilipungua kama kawaida yake, lakini kilikuwa na pa kupungulia. Ndipo akapima, akakata kwa kipimo kamili, akaunga kwenye uso. Kushona kwanza na kukata baadaye ni utaratibu ambao nisingekubali mwanafunzi wangu auruke.

Mapindo yalipochukua majani, kanda za bluu zikapewa mawimbi. Hapa tulibishana kidogo. Fundi alitaka mshono wa unyoya kwenye kanda kwa sababu ni mzuri zaidi, na ni kweli ni mzuri zaidi. Nilikataa kwa sababu ya mguu. Alikuwa amepata mguu wa kutembea, ule mkubwa wenye meno yake yenyewe yanayoshika uso wakati meno ya chini yanashika bitana, na huo ndio uliokuwa unakosekana tangu mwanzo. Lakini mguu huo umetengenezwa kwa mishono inayokwenda mbele tu. Unyoya wa mashine yake unarudi nyuma kila tawi. Meno ya juu hayajui kurudi, na matabaka yangeanza tena kuvutana. Mawimbi yanakwenda mbele daima, sindano ikiyumba pembeni. Kabla ya kuwasha, alizungusha gurudumu kwa mkono mzunguko mzima wa ua, kuhakikisha sindano haigongi chuma cha mguu kwenye upana ule. Sindano ikivunjika kwa kasi, kipande chake hakichagui kinapoangukia, na jicho ni jicho.

Safari hii matabaka yalifungwa kwa vikwasi kila upana wa kiganja, kutoka katikati kwenda nje, bitana ikiwa imevutwa na kubandikwa sakafuni kwa utepe wa gundi bila kukazwa kupita kiasi. Mstari wa kwanza ukapita kwenye ukanda wa katikati kabisa. Kisha wa kulia kwake, kisha wa kushoto, yote ikianzia upande ule ule, hakuna kwenda na kurudi. Viti viwili na ubao wa kupigia pasi viliwekwa pembeni na nyuma ya meza kubeba uzito, na sehemu isiyoshonwa ikaviringishwa na kushikwa kwa vibanio vya nguo. Mikono ya fundi ilikuwa na kazi ya kuongoza tu.

Ilibaki miraba yenyewe. Sikutaka pamba iwe na nafasi isiyoshonwa inayozidi sentimita 15, na mraba wa 25 unazidi. Kwa hiyo kila safu ilipata mstari mmoja wa kunyooka katikati, kwa uzi wa rangi iliyofifia ndani ya kanga, hatua ya milimita 3. Hapo hatukuhitaji pambo, kanga inajipamba. Na kwenye kipande cha maandishi, mstari uliteremshwa ukapita chini kidogo ya herufi, sambamba nazo kutoka mwanzo hadi mwisho wa neno la mwisho. Kwa mbali unaonekana kama mtu amepiga mstari chini ya maneno. Wazo hilo lilikuwa la fundi, na ni zuri kuliko nililokuwa nalo mimi la kuzizunguka herufi zote.

Ulivyotoka

Tepu ilisoma 208 juu, 208 katikati, 209 chini. Sentimita moja au mbili ni haki ya pamba; kila mfarishi unapungua ukishonwa, na tofauti ya sentimita moja kati ya ncha na ncha haionekani kitandani. Ulilala juu ya meza bila kushikwa. Bitana ilikuwa na mkunjo mmoja karibu na kona ya chini, mdogo kuliko kucha, na fundi aliufumua na kuushona upya bila mimi kusema.

Kisha ukafuliwa. Mafundi wengi hawafui kazi mpya kabla ya kuikabidhi, na kwa gauni siwalaumu. Mfarishi wa kanga na kitambaa cha bluu kipya ni jambo jingine. Afadhali rangi ichuje kwenye beseni la fundi kuliko kwenye shuka la maharusi. Bluu ilitoa rangi kidogo kwenye maji ya kwanza na ikanyamaza kwenye ya pili. Gamu nyuma ya KAMA ilishika. Dhahabu ya mapindo haikupoteza mng'ao, kwa kuwa safari hii ilikuwa polista.

Mama alipokuja kuuchukua alisoma maneno kwa sauti, kisha akahesabu mistari ya majani kwenye pindo kwa kidole. Akataka mmoja zaidi kuzunguka kipande cha maandishi, "kama fremu". Fundi alimweleza kwa upole kwamba pamba imeshaingia na jani halipiti tena hapo, akamwonyesha kijaribio cha sentimita 50 kilichorudi 48. Mama akakishika, akakivuta huku na huku. "Basi niwekee mawimbi," akasema. Fundi akatoa vikwasi, akaurudisha mfarishi kwenye mashine, akazungusha mawimbi ya dhahabu kwenye bluu inayopakana na kile kipande pande zote nne, mama akiwa amekaa kwenye benchi anasubiri.

Bei walikuwa wamepatana mwanzoni kama ya kushona shuka na foronya. Kwa mfarishi unaofuata, ambao mgeni mmoja wa sendofu aliuagiza baadaye, fundi amepanga kulipwa kwa mita za mshono, na mita ya majani ameipa bei yake, kubwa kuliko ya mawimbi.